Kidole Kimoja Juu ya Usukani

“Usinisomee tena hiyo karatasi, Mkuu. Nimeisoma mara tatu.”

“Basi kama umeisoma, tia saini tukafanye kazi.”

Saa moja na robo asubuhi, kituo cha polisi cha Pickard Gap, kwenye milima ya mashariki ya Kentucky. Twyla Stallard amesimama mbele ya meza ya bosi wake, mikono mfukoni, na kalamu hataki kuishika.

Kati yao ipo fomu yenye visanduku viwili. Akiweka alama kwenye cha kwanza, anaingia mwaka wa nne kwenye kikosi cha pamoja, ambako polisi wa miji midogo hufanya kazi chini ya maofisa wa shirikisho wanaopambana na dawa za kulevya. Akiweka kwenye cha pili, anarudi doria ya mji wake wenye watu elfu mbili. Fomu itumwe kwa faksi kabla ya saa mbili.

Mkuu Denver Boggs hajavua hata kofia.

“Mwaka ule kabla hujaenda kwao tulizika watu kumi na tisa waliouawa na dawa,” anasema. “Mwaka jana, kumi na mmoja. Unataka turudi kumi na tisa?”

Oma Jean Tackett, anayepokea simu za dharura hapa kwa mwaka wa ishirini na nane, anadakia kutoka chumba cha redio bila kugeuka.

“Na hao kumi na mmoja simu zao nilipokea mimi. Msirushiane kama mawe.”



Twyla ana miaka arobaini na tatu. Kumi na mitatu aliitumia ndani ya gari namba nne la doria, na watu wa huku walizoea kumsimamisha popote. Mtu anashusha kioo, anauliza hali ya mtoto, analalamika mvua, halafu ndiyo anasema lililomtoa nyumbani: pale juu kwa fulani kunaingia magari yasiyo ya huku. Hakuna aliyewahi kuandika jina lake popote.

Ndiyo sababu maofisa wa shirikisho walimtaka. Wakamwapisha, wakampa kitambulisho cha pili, gari la kijivu lenye vioo vyeusi, na saa za ziada zinazomwongezea karibu dola mia nane kwa mwezi.

“Hela hiyo imenyoosha meno ya binti yangu,” anasema. “Siisemi vibaya.”

Walichochukua hakikuandikwa kwenye fomu. Katika milima hii, watu wakipishana barabarani huinua kidole kimoja cha shahada bila kuachia usukani. Unamjua, humjui, unainua. Asiyeinua ana msiba, ana hasira, au si wa huku. Kwenye kikosi Twyla aliambiwa aache. Ofisa wa siri hasalimii.

Kuvaa kiraia hakukumficha kwa mtu yeyote wa Pickard Gap. Kulifanya jambo baya zaidi.

“Kila mtu ananijua, ila wanajifanya hawanioni. Wanadhani wananisaidia kazi. Nikiingia dukani, wanageuka wote kuangalia makopo ya mahindi. Miaka mitatu watu wanasoma makopo ya mahindi.”

Zamani kila Jumatano alikuwa akila maharage na mkate wa mahindi kwenye mgahawa wa karibu na daraja. Sasa anabeba chakula chake na kukila ndani ya gari. Binti yake Marlee, mwenye miaka kumi na mmoja, akicheza mpira wa kikapu, Twyla hukaa upande wa wageni, mwisho kabisa, karibu na mlango. Marlee akifunga, mama yake anapiga makofi yasiyo na sauti.

Halafu kuna Estill Combs, mchimbaji mstaafu wa makaa ya mawe wa miaka sabini na saba. Zamani walipishana darajani kila asubuhi. Mzee alikuwa anainua kidole, na kama hakuna gari nyuma, anasimama kuuliza, “Mwanangu, umekula?” Siku hizi akiliona gari la kijivu hukaza shingo na kutazama mbele.

“Hilo ndilo linaloniuma,” anasema Twyla. “Najua ananiona. Najua anajikaza.”

Mkuu anagonga fomu kwa kidole. “Unataka kuacha kazi ya maana kwa sababu ya salamu?”

“Kumbe umesahau Lick Branch.”

Boggs hajasahau. Novemba ya mwaka juzi, kikosi kilikuwa kimefuatilia nyumba moja huko Lick Branch, wilaya jirani, kwa miezi mitano. Siku hiyo walitumia pikapu ya kuazima, vioo vyeupe, namba za wilaya ileile. Twyla alikuwa kwenye usukani. Mwenye nyumba akateremka na gari lake, wakapishana polepole kwenye njia nyembamba, akainua kidole.

Twyla hakuinua chake.

“Mkono ulitaka. Nikauzuia. Nilifundishwa kuuzuia.”

Jioni ile nyumba ilikuwa tupu hadi mapazia. Yule mtu alipokamatwa kwingine baada ya miezi sita, aliwaeleza huku anacheka: mtu wa hapa lazima asalimie, asiyesalimia ni askari.

“Mimi, niliyezaliwa huku,” anasema Twyla. “Angekaa ofisa wa mjini kwenye usukani ule, ningemcheka. Walinichukua kwa sababu watu wananiambia mambo, Mkuu. Tangu niende, unajua nimeambiwa mambo mangapi? Mawili. Na moja lilikuwa kuhusu mbwa.”

“Ukitoka, watatufungia mlango. Maabara yao, mitambo yao, yote.”

“Jana nilizungumza na msimamizi wao. Anasema anakosa masikio Pickard Gap. Nikamwambia masikio yapo, mmeyafungia kwenye gari la kijivu. Akacheka. Akasema nikirudi doria nimpigie kila nikisikia kitu.”

“Alisema hivyo?”

“Mpigie.”

Mkuu anavua kofia, anaitazama ndani kama ameweka kitu humo.

“Sare yako inakutosha bado?”

“Haimtoshi,” anasema Oma Jean. “Nimeiona kabatini. Itabidi avute pumzi.”

Twyla anashika kalamu. Anaweka alama kwenye kisanduku cha pili, anatia saini, anaipeleka fomu mwenyewe kwa Oma Jean. Mashine ya faksi inakoroma na kuivuta. Funguo za gari la kijivu anaziacha mezani.

“Nataka mtu mmoja tu anishushie kioo kabla ya Krismasi,” anasema akifunga vifungo vya shati la sare. Cha chini kinagoma. Anakiacha wazi.

Gari namba nne linanuka kahawa ya mtu mwingine. Saa mbili kasoro dakika tano yuko darajani, na upande wa pili inakuja pikapu ya bluu ya Estill Combs. Wanakaribiana. Twyla anainua kidole.

Mzee amekaza shingo, macho mbele, kama alivyozoea. Anapita.

Twyla anatazama kwenye kioo cha nyuma. Mwisho wa daraja, taa za breki zinawaka, zinabaki zikiwaka. Kisha pikapu inaanza kurudi nyuma, polepole, imepinda kidogo, hadi madirisha yanalingana. Kioo kinashuka.

“Inaruhusiwa sasa?” mzee anauliza.

“Inaruhusiwa, baba.”

Estill anainua kidole juu ya usukani, anakishusha. Anatazama nyuma kama kuna gari linakuja. Halipo.

“Umekula?” anauliza, na anazima injini.