Vidonge vya Parrain

Nyumba yetu ya mtaa wa Murara iligeuka duka la dawa bila mimi kuombwa ruhusa. Daktari alikuwa amepima choo cha mume wangu, akakuta bakteria wa tumbo, wale wanaoleta vidonda, akamwandikia dawa tatu za kumeza pamoja, asubuhi na jioni, wiki mbili bila kuruka. Mtu anayevaa tai kwenda ofisini angeliweza hilo.

Lakini mume wangu ametoka familia ya Kikatoliki ya Bukavu, amelelewa kutokataa zawadi ya mgeni. Na kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Zamani watu walileta ndizi. Siku hizi, kwa kuwa nusu ya mji inaugua tumbo, wanaleta vidonge vilivyobaki. Vilibakije? Mwenyewe alipata nafuu, akaacha kumeza, akavihifadhi kabatini akisubiri rafiki augue. Ukarimu gani huo!

Walikaa sebuleni kwangu, wakinywa chai yangu, wakilinganisha. Mama mmoja wa kwaya alisifia vidonge vya rangi mbili. Jirani yetu mfanyabiashara akamcheka: hivyo ni vya kikohozi, dawa ya kweli ni ile inayoacha ladha ya chuma mdomoni, maana isiyomtesa mtu itamtesaje mdudu? Walibishana kama wanachagua gavana, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la dawa aliyoshika.

Mume wangu aliwasikiliza wote, kisha akachagua kwa cheo cha aliyeleta. Aliziweka kando za daktari, akaanza na dawa ya jirani. Alipokuja mama wa kwaya, akaiacha, akashika yake. Halafu akaja parrain wetu, muzee aliyetusimamia siku ya ndoa, kutoka Kibati, na vidonge vyeupe amevifunga kwenye kitambaa.

“Papa, ile ya docteur ni ya batoto,” parrain alisema. “Hii njo iliniponesha.”

“Aksanti sana, muzee,” mume wangu akajibu, akameza palepale ili aonekane.

Nilimfuata chumbani, nikamwuliza kama ana akili.

“Sasa unataka nimuambie muzee hapana?”

Ndiyo, nilitaka hivyo hasa. Niliuchukia upole wake kuliko nilivyowachukia bakteria.

Choo chake kikawa cheusi kama lami. Akaanguka ofisini, wakamkimbiza hospitali. Daktari wa huko, kijana mwenye macho ya uchovu, alituambia kidonda kinavuja damu, na kwamba bakteria waliokwisha kuonjeshwa dawa nusunusu huizoea, wasiiogope tena.

“Papa, ulikunywa dawa gani? Uniambie zote. Nikikupatia ile bakteria ilishazoea, kidonda hakitapona, na damu itakumaliza.”

Parrain alikuwa amekaa kando ya kitanda. Mama wa kwaya alisimama mlangoni na rozari yake. Mume wangu, midomo imemkauka, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kama mwenye karamu.

“Ni ile tu ya docteur wa kwanza.”

Alikuwa tayari kufa ili wageni wasione haya. Nikasema yote kwa sauti, nikiwanyoshea kidole: huyu alileta hivi, yule vile, na wewe muzee, uende ulete mabaki ya vidonge vyako daktari avione. Mama wa kwaya alisema sina adabu. Muzee alitoka bila kuaga, lakini mabaki aliyatuma. Daktari aliyageuzageuza kiganjani, akasoma herufi zilizochongwa juu yake, akaichana karatasi aliyokwisha kuandika. Dawa aliyokuwa ameniandikia mgonjwa wangu ilikuwa ileile ya muzee. Akaandika nyingine.

Parrain hajakanyaga tena kwetu. Mume wangu ananiambia, hata mbele ya wageni, kwamba nilimwaibisha, kwamba mwanamke wa kuheshimika angenyamaza. Analisema hilo mezani, mdomo umejaa sombe, majani ya muhogo yenye pilipili, huku akinisogezea sahani nimwongezee.