Siku Marcel Aliposhindana na Dishi

Kaka yangu Marcel Luhende ana miaka sitini na mitatu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiketi mbele ya televisheni kutazama mpira. Ninalisema hili mapema kwa sababu mimi, mdogo wake wa kike, ndiye mwenye kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mpira, hapa Samuye. Kina bati juu, magunia ubavuni, mabenchi ishirini na mawili, dishi moja na skrini kubwa aliyoniachia marehemu mume wangu. Watu huniita Mama George. Marcel huniita Agnetha, na akikasirika huniita "wewe mwenye dishi."

Ili umwelewe Marcel ni lazima nianze na ngoma, maana alikulia humo. Baba yetu alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, katika kundi la ngoma ya majembe, ile ambayo vijana huyarusha majembe hewani na kuyadaka huku wakicheza. Asiyetoka Usukumani huenda hajui ngoma zetu zinavyoshindanishwa. Makundi mawili hucheza kwenye kiwanja kimoja na kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji huzunguka wenyewe, wakichoka huku wanahamia kule, na jua likikaribia kuzama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Ukicheza siku ambayo mpinzani wako hayupo, hata wakija watu elfu, haihesabiwi kitu.

Marcel alianza kupiga ngoma akiwa na miaka tisa, na kila mtu alijua kwamba baba akiondoka yeye ndiye atakayeshika nafasi yake. Baba alipofariki, vijana wa kundi walikuwa wameshaupenda mpira kuliko majembe. Marcel hakugombana nao, aliwafuata. Akaanzisha timu, akaiita Igembe, yaani jembe kwa Kisukuma chetu, akawa kocha wake, katibu wake, mfua jezi na mchora mistari. Kila siku ya mechi, asubuhi, hupita nyumba hadi nyumba na debe akiomba majivu ya jikoni, kwa sababu chokaa ni ya timu zenye uwezo. Wanawake wa Samuye humwekea majivu yake kando, na mimi pia humwekea. Upepo wa Agosti ukivuma, mstari wa katikati huingia machoni mwa mabeki, na mechi husimama mpaka watu wamalize kupangusa.

Zamani uwanja ule ulijaa kwelikweli. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali, wakasimama safu tatu kuuzunguka mstari, na mimi nikauza karanga na viazi vya kuchemsha nyuma ya goli la mashariki. Mume wangu nilimpata hapo hapo. Alikuwa winga wa kulia wa Igembe, na nilimpenda kabla sijajua jina lake.

Ni huyo huyo winga aliyeleta dishi, miaka saba iliyopita. Mwanzoni Marcel alicheka tu. Baada ya msimu mmoja hakucheka tena. Mechi za ligi kuu zinaonyeshwa moja kwa moja Jumamosi na Jumapili saa za jioni, na Ulaya nao wanacheza siku hizo hizo. Igembe na wenzao wa vijijini nao hawana siku nyingine, maana katikati ya wiki vijana wako shambani, mnadani au wamekwenda machimboni. Safu tatu za watazamaji zikawa mbili, ikabaki moja, halafu wakabaki watu wa kuhesabu kwa vidole. Mume wangu alipofariki, Marcel alinilea mimi na wanangu bila kunung'unika, lakini suala la dishi hakulisamehe.

Tulibishana mara nyingi. Nilimwambia dishi halijamfunga mtu kamba. Kwangu kuna kivuli, kuna benchi, na mtu akifunga goli wanalirudia mara nne. Kwake kuna jua, vumbi, na refa ambaye ni shemeji wa kocha wa timu pinzani. Yeye alinijibu kwamba hata hao wanaocheza vizuri kwenye skrini walianzia kwenye vumbi la mtu fulani, na huyo mtu leo hana wa kumtazama. Aliwahi kwenda mpaka Shinyanga mjini, kwenye kikao cha viongozi wa timu ndogo, akasimama akapendekeza mechi za moja kwa moja zisionyeshwe saa ambazo timu za vijijini zinacheza. Walicheka. Mmoja akamshauri Igembe wacheze usiku, wakati uwanja wetu hauna hata taa ya kandili.

Kuna jambo moja sikuwahi kumwambia lilivyoniuma. Kijana aliyeitwa Deusdedit, ambaye Marcel alimfundisha tangu hajui kufunga kamba za viatu, alipata timu huko Geita, na Jumapili moja akaonekana kwenye skrini yangu. Kibanda kililipuka, wazee wakakumbatiana, mabenchi mawili yakavunjika. Marcel hakuwepo. Alikuwa uwanjani na Igembe, mbele ya watazamaji tisa, na alisikia kelele zetu bila kujua ni za nini.

Mwaka jana ndipo mambo yakafika shingoni. Mnada wa ng'ombe umekua, wachuuzi wanatoka mpaka Maganzo na mbali zaidi, na nafasi ya kufungia mifugo haitoshi. Uwanja wa mpira umepakana na mnada. Mwenyekiti wa kijiji, Magesa, ni mtu mstaarabu, hakutaka kumvamia mzee. Alikuja na wenzake wawili wa kamati wakamwambia, "Mzee Marcel, kijiji kinasema uwanja hauna watu. Sisi hatutaki kuamua kwa kusikia. Chagua siku ya mechi, tuje tuone wenyewe. Tukikuta watu, hatuugusi. Tukikuta mbuzi, tutapendekeza upewe mnada."

Kesho yake jioni Marcel alikuja kwangu. Hakuingia kibandani, alisimama chini ya kivuli cha bati kama kawaida yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimechagua siku. Jumamosi ile ya Simba na Yanga, saa kumi kamili."

Nilidhani ananitania. "Kaka, siku hiyo hata paka wa Samuye watakuwa humu ndani. Weka Jumapili asubuhi, watu wakitoka kanisani. Watajaa tu, wanakupenda."

"Wakijaa wakati wewe umefunga kibanda, nitakuwa nimemshinda nani?"

"Kwani unashindana? Kamati inataka kuona vichwa."

"Unakumbuka siku ile wenzetu wa kundi pinzani walichelewa kufika, baba akakataa kugonga ngoma mpaka wapange mstari wao? Watu walimwambia anza, uwanja ni wako. Akawangoja."

Nilikumbuka vizuri. Nilikumbuka pia kwamba siku hiyo baba alishindwa vibaya, watu wote wakahamia kwa wenzetu. Nilipaswa kumwambia hilo, lakini nilimwonea huruma, nikasema jambo jingine ambalo lilikuwa baya zaidi. "Basi mimi nitazima. Nitasema king'amuzi kimekufa."

Macho yake yalibadilika. "Gashi, kumbe ndivyo unavyonifikiria? Anayepasua ngoma ya mwenzake ili watu waje kwake, huyo ni mwizi. Ukizima, sitakanyaga kwako mpaka mmoja wetu azikwe." Akaondoka.

Kwa hiyo sikuzima. Jumamosi hiyo, kufika saa tisa mabenchi yote yalikuwa yameshajaa, na wengine wamesimama, nusu nyekundu na nusu njano na kijani. Niliwahesabu mpaka mia mbili nikaacha. Uwanjani, mwendo wa dakika tatu kutoka hapo, Marcel alikuwa amechora mistari minene kuliko siku zote na amevaa koti lake la Krismasi. Wageni walikuwa timu ya wachimbaji wadogo wa almasi kutoka Maganzo. Kapteni wao, mtu mwenye adabu, aliomba mechi ianze saa nane ili kila mtu awahi kibandani. Marcel alikataa.

Filimbi ya mechi yake niliisikia saa kumi kamili, pamoja na ile ya kwenye skrini. Magesa aliniambia baadaye kwamba watazamaji walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mama za wachezaji. Kamati ilisimama kwenye mstari wa pembeni, na Marcel akawa anapaza sauti kwa wachezaji wake kana kwamba kuna umati unaomsikia.

Halafu yakaja mapumziko, huku na kule kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kosa lake la kuupanga mpira kama ngoma lilipomgeukia, maana kwenye ngoma hakuna mapumziko. Mpigaji hawezi kuacha ngoma yake akaenda kuchungulia ya mwenzake. Wachezaji wa Igembe walisema wanakwenda kunywa maji, na maji waliyokwenda kuyanywa yalikuwa kwangu. Niliona jezi zao zikiingia mlangoni, zimelowa jasho, na Stanslaus, kipa na kapteni wao, mbele kabisa. Wachimbaji wa Maganzo waliwafuata. "Ngapi ngapi?" wakauliza. Bila kwa bila. Wakajipenyeza kati ya watu.

Dakika kumi zikapita, zikawa kumi na mbili. Marcel akaja kuwachukua wachezaji wake, na kamati nyuma yake, maana kule uwanjani hapakuwa na kitu cha kutazama. Kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, kaka yangu aliingia kibandani. Watu walipomwona na lile koti, kelele zikashuka. Kwenye skrini kulikuwa na matangazo ya biashara.

Magesa alimwonea haya. Nadhani alitafuta njia ya kulimaliza jambo kiungwana, akapanda kwenye benchi la mbele, akatusalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, ndugu zangu. Nina swali moja kabla mpira haujarudi. Uwanja wetu, tuwape watu wa mnada, au ubaki uwanja? Anayetaka ubaki anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka yote. Ya nyekundu, ya kijani, ya wazee, ya wachezaji wa Igembe, hata ya wachimbaji wa Maganzo ambao uwanja si wao. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba huo uwanja ni wa baba zetu na atakayeugusa atamjua yeye ni nani, na wengine wakapiga makofi. Magesa akaanza kuhesabu, akacheka, akaacha. "Imetosha," akasema. "Tutaandika. Mzee Marcel, uwanja wako umebaki. Hongera sana."

Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilimgeukia kaka yangu nikitegemea kumwona anacheka. Alikuwa anaitazama ile mikono, mmoja mmoja, kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma.

"Wabeja," akasema. "Asanteni. Sasa mbona hamkuja?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli.  Mikono ikashuka. Mzee mmoja akakohoa, kijana mmoja akasema, "Leo tu, mzee, kwa sababu ni watani," akaona anavyotazamwa, akainamia viatu vyake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni, na mkono wangu ulikuwa juu kama mikono ya wengine, nami nilikuwa sijakanyaga uwanjani tangu mume wangu alipofariki. Majivu nampa, viazi nampelekea nyumbani, lakini mechi sijaitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku moja.

Picha ya uwanja wa Dar es Salaam ikarudi kwenye skrini, majukwaa yamejaa mpaka juu. Marcel akainyooshea kidole. "Na wale pale? Makwao hawana dishi?" Kisha akamshika Stanslaus bega, wakatoka. Saba walimfuata, na wachimbaji wa Maganzo pia. Watatu wa Igembe walijificha nyuma ya migongo ya watu, na hakuwatafuta.

Filimbi ya kipindi cha pili kule uwanjani ilisikika wakati skrini inaonyesha kona. Nilijiambia niende, hata dakika kumi. Nilijiambia pia kwamba jenereta linahitaji mtu wa kuliangalia. Nikabaki.

Kamati iliandika kwamba zaidi ya wananchi mia mbili wanautaka uwanja, na mnada ukapanuliwa upande wa bondeni. Watu wakikutana na Marcel njiani bado humpa pongezi kwa kuuokoa. Yeye huitikia, halafu humwambia kila mmoja Jumamosi ijayo wanacheza na nani na saa ngapi. Mimi tu ndiye ambaye hajawahi kuniambia. Anajua kwamba Jumamosi saa kumi ninafungua.