Kipa Wetu na Kiingereza cha Samaki

Kiingereza nilichowafundisha wachezaji wa Bunia sikukipata shuleni. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primaire, shule ya msingi, nikashika mzigo. Nilikipata ng'ambo ya mpaka, Uganda, sokoni Arua, ambako nilikuwa napeleka samaki wakavu kupitia Aru. Nilikijua vile mtu anajua njia ya kisimani: miguu inajua, kichwa hakiwezi kueleza.

Vita vilinikuta Bunia, vikaniacha mjane. Mume wangu walimuua kwenye barabara ya kutoka Kilo, na wawili kati ya waliomuua nawaona mpaka leo wakinunua mkate. Majina siandiki. Naandika kazi: mmoja anatengeneza pikipiki, mwingine anauza mbao. Wakisoma, watajijua.

Siku moja kocha wa timu ya mtaa wetu alikuja kwangu. Vijana wake waliishi kwa mpira. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu ndiye aliwalisha.

"Mama, mutu wa timu moja ya Kampala atakuja na ndege ya wafanyabiashara. Atachukua wachezaji wawili. Lakini hataki mutu wa kusemeshana naye kwa vidole."

"Na miye nifanye nini? Miye si mwalimu."

"Mwalimu wa Kiingereza alishakimbia. Weye uko hapa."

Basi wakaja, kila mchana, nyuma ya nyumba yangu, wakakaa juu ya kuni. Kwa kuwa sikujua kukiandika, niliwafundisha kwa viazi. Nilipanga viazi kumi na moja chini kama timu, kila mmoja na chake. Ukisema neno sawasawa, kiazi chako kinasogea kwako. Ukikosea, kinakwenda kwa mwenzako. Mwisho tunachemsha, kila mtu anakula alichobakiza. Sijaona watu wakijifunza lugha haraka vile. Njaa ni inspekta mkali.

Walikuwemo wa pande zote mbili za vita. Nje ya ua wangu ndugu zao walikuwa wanachinjana. Ndani walikuwa wanagombania viazi. Niliwastaajabia na bado nawastaajabia. Wakubwa wenye nywele nyeupe, wenye Biblia kwapani, walishindwa kufanya walichofanya wale vijana.

Mmoja tu kiazi chake hakikusogea: kipa. Alitoka kijijini upande wa Djugu, mikono mirefu, macho ya paka. Kila mpira aliushika. Lakini hakuita mtu. Na kipa asiyeita ni mlango usio na komeo. Mabeki wake hawajui yuko wapi.

Kocha ndiye alinieleza. Siku kijiji chao kilipochomwa, alijificha ndani ya mtama. Jirani yao, mwenye kinu cha kusaga muhogo, alipita pembeni ya shamba akiwaita kwa lugha ya nyumbani, jina kwa jina, kwa sauti ya upole: njooni, wamekwenda. Dada wawili wa kipa waliitika, wakauawa. Yeye alinyamaza. Tangu siku ile sauti yake ilibaki kwenye mtama. Yule wa kinu yuko hai. Nasikia amenunua kinu cha pili.

Sikumgusia kipa habari hiyo. Nilimpa kiazi chake mkononi, nikamwambia, "Kwa Kiingereza hakuna mutu alishakuita. Jaribu."

Alikigeuzageuza kiazi mpaka wenzake wakaanza kucheka. Halafu akaita kwa Kiingereza, kwa kelele hadi kuku wakaruka.

Toka siku ile hatukuweza kumnyamazisha. Mshambuliaji wetu, ambaye watu wake na watu wa kipa walikuwa wanawindana, alijifunika masikio: "Yaya, kaka yangu, pole pole! Utaamusha wazimu ya Kampala kabla hatujafika!"

Mgeni wa Kampala akafika. Asubuhi ya mechi, présida, yaani mwenyekiti wa timu, mwenye duka la saruji karibu na soko kubwa, alibadilisha orodha. Golini aliweka mtoto wa dada yake. Hakueleza, na hakuna aliyehitaji kuelezwa: mpwa alikuwa wa kabila lake, kipa hakuwa. Kipa alivua glavu, akazikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Mshambuliaji akaenda kukaa juu ya mstari wa goli. Wa pili akakaa. Wakakaa wote.

"Muko naleta politique hapa?" présida akafoka.

"Hapana, papa présida," mshambuliaji akajibu, bado amekaa. "Huyu mupya hajui kutuita. Akituita kwa Kifaransa, mabeki watakimbia upande wa kanisa."

Watu wakacheka, mgeni akauliza kuna nini, akatafsiriwa, akaangalia saa yake. Présida alimeza aibu na kumrudisha kipa.

Na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze miye. Kule Arua, muuza samaki haanzi neno bila kumwita mtu kastoma, yaani mteja. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Kipa akaanza kupanga ukuta wake kwa Kiingereza, sauti ikijaza uwanja: "Kastoma! Kastoma, rudi nyuma! Kastoma yangu, huyo mkabe!" Na mabeki, kwa adabu niliyowafundisha, wakaitika: "Karibu, kastoma!" Mgeni alicheka hadi akapangusa macho. Lakini niliona kitu: kila kipa alipoita, ukuta ulisogea kama viazi vyangu. Hakuna goli lililoingia.

Mgeni akachagua wawili, kipa na mshambuliaji. Présida alipiga makofi mbele kuliko wote. Leo bado anasimulia kwamba yeye ndiye aliyemvumbua.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza kwenye uwanja wa ndege. Wenye bunduki walijaa, na présida alikuwepo na suti yake. Wakati ule, kusikika ukisema lugha ya kwenu mbele ya watu kama wale kulikuwa kujisaliti mwenyewe. Kipa alipanda ngazi, akageuka, akanitafuta kwa macho. Akaniita kwa lugha ya mama yake, ambayo si yangu, kwa sauti ileile ya golini. Neno moja tu nilielewa: mama.

Niliogopa, nikamfanyia mkono: nyamaza.

Hakunyamaza.