Mkia wa Stensili

Kama umeme usingekatika Korogwe, huenda mama mkwe wangu angepofuka huku mimi nimempa mgongo. Si kwa dharau. Kwetu Uzigua, na kwao Usambaa pia, nilifundishwa kwamba mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani anapisha, wakisalimiana kila mmoja anatazama upande wake, na kumgusa ndiyo kabisa hapana. Basi mama huyo nilimjua kwa sauti, kwa kanga, na kwa mapishi yake.

Nafundisha shule ya msingi Kang'ata. Mke wangu alikuwa amekwenda Kilole, hapo Korogwe, kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Alipojifungua, mwisho wa wiki nikamfuata, nikiwa na jaribio la darasa la saba kwenye mkoba, nikitaraji kulitoa nakala mjini. Nikakuta transfoma imeungua, maduka ya fotokopi yako kimya, na Jumatatu watoto wananisubiri.

Nilisimama uani nikilalamika, maana kulalamika nakuweza. Mama akanisikia kutoka jikoni. Alikuwa mpigachapa wa shule ya sekondari hadi alipostaafu, na shule ilipoachana na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, walimpa yeye. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mwambie mwenzio mashine ipo," alimwambia binti yake, ingawa huyo mwenzio nilikuwa pale pale.

Akakaa kwenye taipu, mke wangu akamsomea, naye akapiga mtihani wote bila kutazama vidole, herufi zikitoboa nta ya stensili, ile karatasi ya kupitishia wino. Boksini zilikuwa zimebaki mbili tu, pamoja na hiyo. Stensili mpya mtu mmoja anaweza kuivisha mashine. Hizi zilikuwa za zamani, nta imekauka, zikijikunja zinapasuka, kwa hiyo zilihitaji watu wawili. Mmoja ananasa matundu ya kichwani kwenye vishikizo vya silinda, mwingine anainua mkia, yaani ncha ya chini, umenyooka, huku silinda ikizungushwa taratibu na karatasi ikilala juu ya kitambaa chenye wino. Mkia ukienda upande, mistari yote inatoka imeinama. Ukilegea, karatasi inaingia kunyanzi.

Tulijaribu kwa heshima zote. Yeye alijitanda kanga hadi machoni, mimi nikageuza shingo kutazama kalenda ukutani.

"Mwambie mwenzio avutie kwake," alisema.

Mke wangu, chumbani na mtoto kifuani, akapaza sauti: "Unaambiwa uvutie kwako."

Nikavuta nisichokiona. Stensili ikachanika kwenye vishikizo. Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaamka.

Mama hakucheka. Alipiga upya kwenye stensili ya mwisho, na aliporudi kwenye mashine akashusha kanga mabegani.

"Baba, geuka," aliniambia mwenyewe. "Heshima haimo shingoni. Nitazame tufanye kazi."

Nikageuka. Lilikuwa paji la uso la mke wangu, na kidevu kile kile, vimezeeka. Kisha nikaona ukungu mweupe katikati ya jicho lake la kulia, na la kushoto limeanza. Vidole vyake vilipapasa kutafuta vishikizo, vikavipita, vikarudi. Nilimhurumia.

"Kidogo kulia, mama," nilisema. "Hapo hapo."

Matundu yakaingia. Nikashika mkia, yeye akazungusha mpini huku akiilaza karatasi kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni. Nakala ya kwanza ilipotoka aliisogeza hadi puani, kisha akaniuliza, "Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa. Na macho je?"

"Moshi wa kuni."

"Huu si moshi, mama."

Akaendelea kuzungusha. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie mwenzio, ana kichanga. Sasa hivi mjukuu wangu namwona kidogo. Wakinipasua pakaharibika, nitamwona kwa nini?"

Sikumwahidi kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Nami dawa sikuwa nayo, nilikuwa na mdomo. Jioni ile nilimwambia mke wangu. Alilia, halafu akamkaripia mama yake mpaka nikatamani ningenyamaza. Mama alininunia, lakini mtoto alipoanza kucheka, na yeye akawa anasikia kicheko tu, alikubali kwenda hospitali kupasuliwa.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilisimama mlangoni, nimegeukia korido kwa mazoea. Nyuma yangu nilisikia mke wangu akimsogezea mama mtoto.

"Ana masikio makubwa," mama alisema. "Ya nani haya? Baba, njoo hapa niyaone yako."

Nikaenda na kumwinamia. Alinitazama masikio, uso mzima, hadi shingoni. Akaushika ukosi wa shati langu kwa mikono miwili, akauvuta huku na huku hadi ukalala vizuri.

"Ulikuwa umekaa upande," alisema, na mkono wake akauacha begani kwangu.