Kompyuta Iliyoogopa Wageni

Msinicheke sana. Hapa Unyambwa nahariri video za harusi kwa kompyuta niliyoiunda mwenyewe, nikailazimisha itumie mfumo wa Mac. Nikiwa peke yangu inachapa kazi. Akiingia mteja, haichukui muda inajizima.

Nilibaki najiuliza, inawajuaje wageni? Nikabadilisha RAM, nikaweka mfumo upya, wapi! Mwisho, mtaalamu mimi, nikagundua kwamba simu za wateja ndizo zinazoivuruga. Nikaweka kigoda mlangoni, simu zote zibaki nje.

Jana akaja mama wa bibi harusi kutazama kazi.

“Shikamoo mama. Naomba simu ibaki nje.”

Akaiacha, akaketi. Kwenye video maharusi hawajakata hata keki, kioo kikawa cheusi.

“Si simu iko nje?” akauliza.

Nikamwambia labda mawimbi yake yanapenya ukuta. Akanyoosha mkono, akafunua kitambaa cha kufuma ninachotandika juu ya kompyuta kila mgeni akipiga hodi, ili paonekane pa heshima. Kilikuwa kimeziba feni yote. Joto likampiga usoni.

“Mwanangu,” akasema kwa upole, “na hiki kitambaa nacho kina mawimbi?”