Mstari wa Chaki

Katika ukoo ule kila mtu alijua kwamba Fundi akikubana kwenye kona, hakuachii mpaka umtajie bibi zako wa pande zote mbili, walizaliwa wapi, waliolewa na nani, na walikufa kwa maradhi gani. Watu walikuwa wanamkimbia misibani. Si kwa ubaya; ni kwamba mtu amekuja kulia, halafu anaulizwa kama marehemu babu yake alikuwa na kaka.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya cherehani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara. Akina mama wa mtaa mzima wameolewa, wamezaa na wameozesha mabinti zao ndani ya nguo zake. Daktari wa macho alipomwambia apunguze kazi, akabakiza siku tatu za kushona, na siku zilizobaki akawapa wazee wake waliokwisha kufa. Mumewe, dereva mstaafu mwenye mdomo wake, alisema, "Wenzako wakizeeka wanafuga kuku. Wewe unafuga marehemu."

Fundi hakujali. Alichukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia pateni za nguo, akapima mita mbili na nusu, akaibandika ukutani mkabala na cherehani. Juu kabisa wakakaa wazee, chini wakateremka wana na wajukuu. Alikuwa na kanuni yake, na kanuni yenyewe ilitoka kazini. Fundi mwenye akili hatii mkasi kwenye kitambaa kabla ya kuchora kwa chaki. Basi na ukoo vivyo hivyo: habari ikitoka kwa mtu mmoja, inachorwa kwa chaki, wakipatikana mashahidi wawili ambao hawakukaa chini wakapanga maneno, ndipo inapigwa wino. Karatasi ile ilikuwa na chaki nyingi kuliko wino, na feni ikizidishwa kasi, Fundi alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Raha aliyoipata humo ni yeye anayeijua. Babu mzaa babu, ambaye miaka yote ukoo ulijigamba kwamba alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, aligundulika kwenye majalada ya zamani kuwa alikuwa mwasha taa, tena amepewa onyo mara tatu kwa kukutwa amelala zamu. Kaka yake Fundi, msemaji wa familia katika kila shughuli, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu ajue kusema, alinuna wiki mbili nzima. Ya tatu akaja mwenyewe anacheka: kumbe usingizi wake wa mchana ni wa urithi. Halafu kulikuwa na yule bibi mkunga, aliyezalisha wanawake wasiohesabika na hakuogopa damu wala giza, lakini yeye mwenyewe akimwona mbuzi, anapanda juu ya kiti. Fundi alimpenda siku ileile. Mpaka hapo bibi huyo alikuwa jina tu. Sasa Fundi alikuwa anashona huku anamwona juu ya kiti, ameshika sketi, na alikuwa anacheka peke yake.

Lakini mtu wake wa karibu kuliko wote kwenye karatasi ile alikuwa bado hai. Ni shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa na miaka themanini na minne. Huyo ndiye aliyemfundisha kushona. Alikuwa mwalimu mkali: mshono ukipinda kidogo, anaufumua wote bila kusema neno, anakurudishia kitambaa. Aliolewa utu uzimani, mume akafa, na watu walisema Mungu hakumjalia mtoto. Vidole vilipomshinda, alimwachia Fundi boksi lake la pateni, na akahamia kwa kaka yake Fundi, mitaa minne kutoka pale. Kila Jumanne alikuwa anakuja na fimbo yake kunywa chai na kukosoa pindo za wateja.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya umri wa kaka. Alikuwa anadai ana miaka sitini na sita, Fundi anasema sitini na saba, na kwa mtu kama Fundi ugomvi wa namna hiyo hauishi mpaka karatasi ionekane. Akaenda zahanati ya zamani alikozaliwa kaka. Karani akamtolea rejesta kuukuu ya uzazi, wakafunua pole pole kurasa zilizoliwa na mende. Kaka alikuwepo: sitini na saba kamili. Fundi alikuwa ameshaanza kucheka. Kisha akasoma mstari wa pili chini yake, wiki ileile. Jina la shangazi yake lilikuwa pale, na jina la baba yake shangazi. Mama, umri miaka kumi na saba. Mtoto wa kike. Sehemu ya baba ilikuwa tupu, na baada ya hapo hakukuwa na maelezo mengine.

Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Chini ya shangazi, mahali ambapo miaka yote palikuwa peupe, akateremsha mstari mfupi wa chaki. Akaubandikia kipande cha lainingi, kile kitambaa chepesi cha ndani ya nguo, kwa pini mbili, ili usionekane na wageni.

"Huyo mtoto labda yuko hai," alimwambia mumewe. "Labda alipewa watu. Atakuwa mama mzima sasa, binamu yangu, anakaa mahali fulani hajijui."

Mumewe safari hii hakutania. "Na labda hayuko hai. Utamuulizaje mzee wa watu kitu alichokificha maisha yake yote?"

Hapo ndipo alipokwama. Asipouliza, shangazi ataondoka duniani na jibu lake, na mtoto yule atabaki chaki mpaka apeperushwe na feni. Akiuliza, huenda Jumanne zote zikaishia hapo. Jumanne ya kwanza alimimina chai, akauliza habari za pindo tu.

Jumanne iliyofuata, kabla ya saa nne asubuhi, alikuwa amechomoa zile pini anautazama mstari wake, aliposikia fimbo inagonga kizingiti. Shangazi aliwahi. Fundi alishtuka kama mwanafunzi aliyekutwa na mshono uliopinda, na mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa fundi hufanya kwa chaki iliyokosewa: ukapangusa. Mara moja tu, kwa kiganja. Mtoto akafutika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefuta nini?"

"Aa, vumbi tu."

"Vumbi." Bibi alikaa taratibu kwenye kiti chake, akaweka fimbo magotini. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika chaki. Mimi wa kuniambia vumbi?"

Fundi alikosa pa kuficha kiganja chake cheupe.

"Wiki iliyopita ulipokwenda kuleta chai nilifunua kile kitambaa," shangazi alisema. "Lainingi tangu lini ikaficha kitu? Nikamwona. Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu. Wiki nzima nimekaa na furaha yangu, nasema, hatimaye kuna mtu amemwandika mwanangu. Leo nakuja mapema nimwone tena, nakukuta unamfuta. Kama walivyomfuta wao."

"Nisamehe, shangazi. Niliogopa kukuumiza."

"Ndivyo walivyosema na wao."

Fundi alipiga magoti mbele ya kiti akalia, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Shangazi alimwacha alie kiasi, kisha akamgonga bega. "Basi. Utalowesha gauni la watu. Niletee boksi langu. Ile pateni ya chini kabisa."

Fundi hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa ya gauni la mtoto mchanga, imekatwa kwenye gazeti na kubandikwa karatasi ya kaki kwa nyuma, kingo zimelainika kwa kushikwa. Kwa miaka arobaini hakuna mtoto mtaani aliyevaa gauni la kwanza ambalo halikutoka kwenye pateni hiyo. Ilikuwa na kasoro moja: mkono wa kushoto ni mfupi kwa upana wa kidole. Fundi alikuwa anaongezea kila anapokata, na hakuwahi kuuliza kwa nini mwalimu wake, asiyesamehe hata uzi, aliuacha vile.

"Nilikuwa nimeanza kujifunza tu," shangazi alisema, akiipapasa. "Nilishona matano. Mkono nikaukosea. Nikasema wa pili akizaliwa nitaurekebisha." Alipitisha kidole kwenye ule mkono mfupi. "Alikaa siku kumi na moja. Homa. Baba yangu akasema jambo hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba, na halikutajwa. Mama yako alikuwa amejifungua kaka yako siku zilezile, nguo za mtoto zilikuwa chache, basi wakampelekea yale magauni."

"Kaka?"

"Huyohuyo mpiga domo."

Walicheka wote wawili, na bado machozi yanawatoka. Kisha shangazi akaelekeza fimbo ukutani.

"Kanuni yako si mashahidi wawili? Rejesta mmoja. Wa pili mimi hapa. Chukua kalamu."

Fundi akachukua. Shangazi akataja jina alilompa, jina ambalo hakuwa amelitoa mdomoni kwa miaka sitini na saba. Fundi akaliandika kwa wino, polepole, na chini yake akaandika: siku kumi na moja.

Jioni kaka alikuja kumchukua shangazi, akaingia kwa makelele yake, akidai ile rejesta ya zahanati lazima ilikosewa. Alipoona wino mpya akasimama. Fundi akamweleza yote, mpaka habari ya magauni.

Kaka alitazama karatasi. Alikwenda akachutama karibu na kiti cha shangazi yake.

"Yalinitosha?"

"Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi," shangazi alisema, akamshika mkono huohuo. "Hukulalamika."