Mnyanya Wenye Tai

Jirani yangu hapa Shieywe alikuwa karani, na nyanya zake amezifunga kwenye vijiti kwa vipande vya tai alizovaa ofisini miaka thelathini. Kila asubuhi hupita kati ya mistari, mikono nyuma, kama anayekagua wafanyakazi. Katikati ya nyanya amepanda maua ya manjano yenye harufu kali. Anasema wadudu hawayapendi. Niliwahi kumwambia maua hayaliwi. Alicheka tu, akaendelea kupalilia kwa kijiko.

Jana alasiri mvua ya mawe ilivunja karibu kila shina, wiki moja kabla ya kuvuna. Nilivuka ua kumpa pole, nikamkuta amechutama kwenye matope, anakata ncha zilizobaki hai na kuzizika moja moja. Hakuinua kichwa. "Hii kitu haikatangi tamaa, Mama Tracy. Ukiizika, inatoa mizizi kwa shina." Kisha akanipa ncha moja, mche mmoja wa maua yake, na kipande cha tai nyekundu.

Nilienda kutoa pole, nikarudi na kazi. Leo, ndani ya debe bovu mlangoni kwangu, kuna mnyanya mdogo wenye tai, na kando yake ua lisiloliwa.